Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Juma lililopita mliniacha kwenye maegesho ya magari ya chuo, nimeubeba mkoba wa Daktari Sellah, na mume wake anashuka garini kuja kuupokea. Nilimtambua kabla hajafunga mlango. Nani asiyemtambua mtoto aliyempa jina kwa kinywa chake? Alikuwa Hesbon, kifungua mimba wangu.

Kwa aliyeingia leo, nisimwache gizani. Mimi ni Wabwile, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya fasihi katika chuo kikuu cha serikali hapa Bungoma, na kichwa changu kina mvi nyingi kuliko cha mkuu wa chuo. Vijana huniita Kuka, ndiyo babu kwa Kibukusu. Nimesoma vipandevipande. Msingi niliumalizia Kabuchai, kidato cha pili kikakatika kwa karo, cha nne nikakifanya mtu mzima, nikisoma kando ya mapipa ya lami. Kazi ya kujenga barabara ilinibeba Lodwar, Moyale, mpaka Juba. Niliporudi niliapa sitatia mguu nyumbani Ndalu mikono mitupu. Nitarudi na joho, hata kama nitakuwa natembelea bakora.

Daktari Sellah ndiye msimamizi wa utafiti wangu. Mtoto mcheshi, anatumia jina la baba yake, hivyo mimi ningejuaje? Kila nilipoingia ofisini mwake alinipa mkono. Alinimegea chapati yake. Mvua ikinyesha alinikalisha kiti cha mbele garini mwake, tukacheka mpaka stendi.

Sasa oneni nilipokuwa nimesimama. Kwetu Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawafungiwi chumba kimoja. Akipitia huku, wewe unapitia kule. Na mimi nilikuwa nimeshavunja yote, tena kwa furaha.

Hesbon alinitazama kutoka viatuni kwenda juu.

"Huyu ni nani?" akamuuliza mkewe.

"Si ni Kuka, yule mwanafunzi wangu. Naye ni Wabwile. Pengine nyinyi ni ndugu."

"Wabwile ni wengi," Hesbon akasema. Akamwambia mkewe aingie garini, nje kuna baridi. Jua lilikuwa linatoboa utosi.

Akaupokea mkoba, akanisogelea.

"Wewe tulikuzika," akasema polepole.

Nilidhani ni tusi. Kumbe alikuwa anatoa habari. Watu waliokimbia vita vya Juba walikuja na neno kwamba Wabwile ameuawa. Mwili haukuonekana. Kwetu mtu akifia ugenini asionekane, hukatwa mgomba, ukavishwa shati lake, ukalala kwenye jeneza, ukaliliwa kama mtu. Walinizika hivyo. Mama yake, Nasike wangu, alinyolewa kichwa. Kaburi liko nyuma ya nyumba, lina msalaba, na msalaba una jina.

"Sasa si niko hai," nikamwambia. "Mfurahi basi."

"Tulishamaliza kulia, mzee."

Akaingia garini. Mkewe akanipungia mkono kupitia kioo, naye hajui anampungia nani.

Usiku huo sikulala, maana sasa nilijua. Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Sellah, lakini sikuingia. Nilisimama nje, uso kwenye ukuta, nikabisha kwa mgongo wa kidole.

"Kuka, ingia bana. Tangu lini wewe unabisha?"

"Leo siingii, mama. Mume wako ni mwanangu."

Kalamu iliyokuwa ikiandika ndani ikanyamaza. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na mlango uliokuwa wazi ukasukumwa, si kwa hasira, mpaka ukabaki uwazi wa kupitisha sauti tu.

"Hesbon aliniambia baba yake alikufa."

"Amewaambia wote."

"Nilikupa mkono. Nilikulisha. Baba, mimi ni mjamzito. Mimba mbili zimeshanitoka, nami nilikuwa najiuliza nimekosea wapi."

Ningemwambia nini? Mimi nimetembea nchi tatu, nimeona watu wakila pamoja na wakwe zao na watoto wanazaliwa wanene. Lakini mwiko haujali umetembea wapi. Nilimwambia kuna njia, wazee wakae, achinjwe kondoo, haya iondolewe. Akasema kwa mtu hai inawezekana. Kwa mtu aliyezikwa, kwanza itabidi azikuliwe, na nani atamzikua?

Akasema na neno la mwisho: kwenye jopo la kunihoji Ijumaa ya juma lifuatalo, yeye hataketi.

Nikapeleka kilio changu kwa mwenyekiti wa idara, Daktari Kibe. Huyu ni mtu wa kucheka, na alicheka.

"Mzee Wabwile, hapa ni chuo, si matanga. Ati mwiko?"

Nikamwomba anipe msimamizi mwingine. Hapo akaacha kucheka. Akanieleza kwamba kozi yetu inafungwa. Sisi ndio wa mwisho. Walimu wawili wameshahamia Eldoret, mwingine yuko mgomoni na hashiki simu. Sheria inasema bila msimamizi wa mtu jopo halikai, na jopo lisipokaa Ijumaa hiyo, hakuna mwaka ujao wa kungojea.

"Kwa hivyo ni Sellah ama ni nyumbani," akasema. "Jipangeni huko kwenu."

Nilitoka nimefura. Maisha yangu yote nimeachia vitu katikati: darasa katikati, kazi katikati, ndoa katikati. Hiki kilikuwa kipande cha mwisho cha masomo yangu, nacho kinanyang'anywa na mgomba.

Salman alinikuta nimekaa kwenye nyasi. Ni kijana wa Kitale, mtoto wa muuza viatu karibu na msikiti, tunapanga naye vyumba katika ploti moja nje ya geti. Nilipomweleza, alitikisa kichwa.

"Kuka, kwetu ungeoga tu ukaomba msamaha. Nyinyi mna masharti bana."

Simu ikalia papo hapo. Hesbon. Sauti ilikuwa imelainika kama ya mtu anayeuza kiwanja. Alitaka nije Kitale tuzungumze kama baba na mtoto.

Alinipokea Kibomet, mtaa wa pale Kitale, katika hoteli ya chai. Hakunipeleka kwake. Aliniagizia samosa, akaniita baba, na neno hilo likanifanya mjinga hapo hapo. Aliniambia mama yake ana shinikizo la damu, kwamba kurudi kwangu ghafla kutamuua. Aliniambia anataka nipate digrii yangu, mimi ndiye baba yake. Halafu akaleta dawa.

Nije Ndalu Jumamosi, mbele ya wazee. Niseme mimi si Wabwile wa boma hilo, ni Wabwile mwingine. Nikisema hivyo, Sellah hana baba mkwe, mwiko hauko, jopo linakaa, nami nahitimu.

"Na baadaye?"

"Baadaye tunakuzikua. Nitanunua kondoo mwenyewe. Utaingia bomani na joho, watu wapige vigelegele. Ni uongo wa wiki moja, baba. Wewe umetuacha miaka yote hiyo bila hata uongo."

Lilinichoma, lakini lilikuwa na hesabu nzuri. Uongo mdogo, digrii kubwa. Nilirudi kwenye ploti na kumweleza Salman kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Akaniangalia hivi. "Unaingia box, Kuka, unategwa. Mtu anayekupenda hawezi kukuomba ukae umekufa."

Nikamwambia yeye ni mtoto, mambo ya boma hayajui. Mnasikia? Mimi, wa kumwambia mtu hayo.

Jumamosi nilifika Ndalu. Mahindi yalikuwa yamefikia kifua. Nyumba niliyoiacha ya udongo sasa ni ya matofali, na shamba limekatwa kwa ua katikati. Upande mmoja kuna mtu nisiyemjua analima na trekta. Sikuuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye kaburi.

Mtu asikudanganye kwamba kuliona kaburi lako ni kama ndoto. Ni jambo la kawaida kabisa. Kuku walikuwa wanaparura juu yake.

Wazee walikuwa wameketi chini ya turubai, na katikati yao kaka yangu Wakhungu, tuliyenyonya titi moja. Pembeni yuko naibu wa chifu na kofia yake. Hesbon amesimama, simu mkononi, anarekodi. Nilidhani ni mambo ya vijana, wao hurekodi hata uji.

Nasike akaja na maji ya kunawa. Amezeeka vizuri. Nywele zimeota upya, nyeupe. Aliinama kunimiminia, birika likasimama hewani. Alinijua. Macho yake yalikwenda kwenye kovu langu la shavuni, yakatulia hapo, na maji yakaanza kumwagika kwenye viatu vyangu.

Wakhungu akakohoa.

"Mgeni, tumesikia jina lako. Hapa Wabwile tuliyekuwa naye tulimzika. Tuambie wewe ni wa wapi, watu wasishikwe na wasiwasi."

Naye alinijua, yule. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema neno moja tu, *ni mimi*, angenirukia.

Nikasema mimi ni Wabwile wa upande wa Mlima Elgon. Nikasema nimefanana tu.

Ningeishia hapo. Lakini mwongo wa kwanza ni kama mlevi wa kwanza, hajui kipimo. Nikaongeza kwamba marehemu nilimfahamu, tulishindilia lami naye Juba. Nikasema alikufa kweli, nilikuwepo, risasi ilimpata kifuani. Nikamwona Hesbon akitabasamu nyuma ya simu, nikadhani ananishukuru.

Naibu wa chifu akauliza kama naweza kuapa. Nikaapa. Nikachota udongo wa kaburi langu mwenyewe, nikaurusha kukaza kiapo.

Nasike alikuwa bado ameshika birika.

"Mzee," akaniambia, "ulisema ulikuwepo. Alisema nini akifa?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nina shahada ya maneno, karibu. Ningeweza kumpa jina lake tu, Nasike, angeshinda nalo.

Niliogopa kwamba nikifungua kinywa kwa upole, kitanisaliti.

"Hakusema kitu," nikamjibu. "Alikufa tu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Asante kwa kunihakikishia. Nilikuwa naweka chakula chake kando, wananicheka. Sasa nitaacha."

Akaondoka na birika. Nilikula kuku wa wageni hapo, pamoja na mwanangu, kando ya kaburi langu. Alikuwa mtamu, siwadanganyi.

Ijumaa ikafika. Salman alinipiga pasi koti, akanifunga tai. Nilipoingia chumba cha jopo, Daktari Sellah alinyanyuka akanipa mkono, macho kwa macho, bila hofu.

"Habari yako, mzee. Nimeoneshwa ile video. Pole kwa usumbufu."

Alikuwa amepumua. Tumbo lake lilianza kuonekana. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa kweli. Nikasema moyoni, hata kama ni uongo, una faida kwa mtu.

Utafiti wangu ulikuwa wa misemo ya wajenzi wa barabara, kuanzia Kitale kwenda juu. Niliueleza kama mtu anayeimba. Sellah aliuliza, nikajibu. Mtahini wa nje, mama mmoja anaitwa Daktari Chepngeno, alicheka mpaka akavua miwani. Niliona kichwa cha Kibe kikiitikia. Nililiona joho.

Ndipo karani akafungua mlango, akampa Kibe bahasha, akamnong'oneza. Kibe akasoma. Akasoma tena. Akabonyeza simu yake, ikatoka sauti ndani yake. Ilikuwa sauti yangu: *alikufa kweli, nilikuwepo*.

"Mzee," akasema, na leo hakuwa na kicheko. "Hiki ni cheti cha kifo cha Wabwile. Nambari ya kitambulisho ni ile ile uliyosajiliwa nayo hapa. Mwana wa marehemu analalamika kwamba kuna mtu anatumia karatasi za baba yake, kwanza kwa masomo, halafu adai shamba. Shamba limeshagawanywa kwa cheti hiki, nusu limeuzwa."

Trekta. Ua katikati. Vyote vilinirudia, nikakaa bila kuambiwa.

"Wewe ni nani?" Kibe akauliza.

"Ni Wabwile mwenyewe. Nilidanganya kule Ndalu."

"Ulidanganya mbele ya naibu wa chifu? Ukaapa?"

"Niliapa ili jopo likae."

Nikamgeukia Sellah. Yeye ndiye niliyemwambia ukweli kabla ya mtu yeyote, kupitia uwazi wa mlango. Nikamwomba awaambie.

Alikuwa ameshika tumbo. Rangi ilimtoka usoni. Nilijua hakuwa kwenye mpango wa Hesbon. Mtu hawezi kuigiza hivyo. Lakini aliposema, alisema kama mwalimu.

"Mimi sijui. Siku moja aliniambia ni baba mkwe wangu, siku nyingine akaapa siye. Nimeketi hapa kwa sababu aliapa. Kama ni yeye, mimi natoka sasa hivi na hakuna jopo. Kama si yeye, mtoeni nyinyi."

Daktari Chepngeno akafunga faili lake, polepole.

Nikawaambia alama za vidole zitaniokoa. Kibe akasema huenda, lakini hayo ni mambo ya polisi na mahakama, na yeye ana chumba hiki mpaka saa sita na kozi inayofungwa. Akasema kwa huruma ya mwisho, kama kuna mtu mmoja wa heshima ambaye ananijua tangu zamani, asiye na haja na shamba wala digrii, nimpigie sasa, wote wasikie. Mtu huyo akinitambua, atapeleka jambo langu kwa baraza la chuo yeye mwenyewe.

Nambari pekee ya Ndalu niliyokuwa nayo ni ya Nasike. Wakhungu alikuwa amenipenyezea mfukoni siku ile nikiondoka, bila kunitazama. Sikuwahi kuipiga. Nilikuwa naingojea siku ya joho.

Kibe akaweka simu katikati ya meza, sauti juu. Ililia. Ikalia. Ikashikwa, na nyuma yake nikasikia kuku.

"Nasike," nikasema. "Ni mimi."

Hakukata.

"Nasike, mama Hesbon. Niko mbele ya walimu. Waambie tu unanijua. Kovu la shavuni, jeraha lake ulilifunga wewe mwenyewe kwa kitenge. Waambie."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kibe akainama juu ya meza, na mimi nikashika ukingo wa meza ile kama mtu kwenye gari lisilo na breki. Sauti ilipokuja ilikuwa pole, ya heshima, kama anavyozungumza mwanamke na mzee wa watu.

"Baba Hesbon alikufa, mzee. Si wewe mwenyewe ulikuja ukanihakikishia?"

Simu ikakatika. Kibe akaenda mlangoni kuita askari.

Nikamtazama Sellah. Alikuwa bado ameketi, yeye aliyesema atatoka kama ni mimi.